Nchi ya Mfalme au Nchi Yenye Mfalme?

Kwa mwaka mmoja kamili, kuanzia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika huru ilikuwa na malkia. Bendera ya Uingereza ilikwisha kushushwa, mwenge umewashwa juu ya Kilimanjaro, Julius Nyerere ni Waziri Mkuu; lakini mkuu wa nchi kisheria alikuwa Elizabeth wa Pili, aliyetambuliwa kama Malkia wa Tanganyika. Uganda ilipita njia hiyo hiyo kuanzia tarehe 9 Oktoba 1962, na Kenya kuanzia tarehe 12 Desemba 1963. Zanzibar haikuipita, kwa kuwa ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ikiwa na sultani wake, Jamshid bin Abdullah.

Je, mwaka ule ulikuwa wa uhuru au wa nusu uhuru? Swali hilo linaulizwa hadi leo kuhusu Jamaica, Australia, Kanada, Papua New Guinea na nchi nyinginezo ambazo mkuu wake wa nchi ni Mfalme Charles. Ukiihesabu Uingereza yenyewe, ziko 15. Kabla ya kulijibu, tuangalie istilahi tunazotumia kuziita nchi hizi, maana baadhi ya istilahi hizo zimekwisha kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Neno la zamani ni “dominioni”. Lilitumika kwa Kanada, Australia, New Zealand, Afrika Kusini na wenzao, likachakaa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kwa Kiswahili tumeandika “milki ya Malkia”, “himaya ya Uingereza” na, mara nyingi zaidi, “nchi iliyo chini ya Taji la Uingereza”. Yote matatu yana kasoro. Milki ni mali ya mwenyewe. Himaya ni ulinzi wa mkubwa kwa mdogo; Zanzibar ndiyo iliyokuwa chini ya himaya ya Waingereza kuanzia 1890. Na hilo la tatu, ambalo masikioni halina ubaya wowote, ndilo linalopotosha zaidi, kwa sababu linataja taji ambalo kisheria halihusiki.

Mwaka 1926 wakuu wa serikali za dominioni walikutana na wa Uingereza mjini London. Kamati iliyoongozwa na Lord Balfour ikatamka kwamba nchi hizo na Uingereza ni sawa kwa hadhi, wala hakuna iliyo chini ya mwenzake katika mambo ya ndani au ya nje. Mwaka 1931 tamko hilo likatiwa nguvu na Sheria ya Westminster: Bunge la Uingereza halitaitungia dominioni sheria isipokuwa dominioni yenyewe imeomba na kuridhia. Hapo ndipo taji lilipogawanyika. Mtu alibaki mmoja, vyeo vikawa vingi.

Mgawanyiko huo ulionekana wazi vita vilipozuka. Tarehe 3 Septemba 1939 George wa Sita aliingia vitani dhidi ya Ujerumani akiwa Mfalme wa Uingereza. Akiwa Mfalme wa Kanada, aliendelea kuwa na amani na Wajerumani hao hao kwa juma zima, kwa sababu Kanada ilitangaza vita tarehe 10, baada ya bunge lake kujadili. Miaka minane baadaye India na Pakistan zilipata uhuru, kila moja ikiwa dominioni na zote mbili zikiwa na George huyo huyo, na kabla mwaka 1947 haujaisha vita kati yao juu ya Kashmir vilikuwa vimeanza. Kama taji lingekuwa moja, mfalme angekuwa anajipiga mwenyewe.

Jambo hili si geni kwetu. Mzee mmoja aweza kuwa mwenyekiti wa chama cha ushirika na papo hapo mwenyekiti wa kamati ya shule. Ushirika ukifilisika, hakuna anayekwenda kukamata madawati ya shule. Mwenyekiti ni yule yule, lakini kila kikao kina kitabu chake cha mahesabu.

Kwa hiyo napendekeza tuachane na “nchi ya mfalme” na “nchi chini ya taji”, tuseme “nchi yenye mfalme wa pamoja”. Tofauti imo katika sarufi yenyewe. Katika “nchi ya mfalme”, mwenye mali ni mfalme. Katika “nchi yenye mfalme”, mwenye kumiliki ni nchi: ndiyo iliyo naye, na ikitaka itaachana naye. Barbados ilifanya hivyo tarehe 30 Novemba 2021. Bunge lake lilirekebisha katiba, Gavana Mkuu Sandra Mason akachaguliwa kuwa Rais wa kwanza, na Charles, wakati huo mwanamfalme, akahudhuria sherehe. “Ufalme wa pamoja” nao haufai, kwa kuwa msomaji atadhani ni Ufalme wa Muungano, yaani Uingereza yenyewe. Kinachoshirikiwa ni mfalme. Ufalme kila nchi ina wake.

Istilahi ya pili inayohitaji uangalifu ni ile ya mwakilishi wa mfalme. Wengine huandika “Gavana Jenerali”, na msomaji akafikiria mwanajeshi. “Gavana Mkuu” ni bora, ila nayo ina hatari ya kudhaniwa kuwa gavana aliyepandishwa cheo. Tazama Dar es Salaam. Sir Richard Turnbull alikuwa Gavana wa Tanganyika tangu 1958, na baada ya uhuru akawa Gavana Mkuu. Mtu yule yule, mji ule ule. Akiwa Gavana alipokea amri kutoka Wizara ya Makoloni, London. Akiwa Gavana Mkuu alitia saini aliyopelekewa na Waziri Mkuu wa Tanganyika: Nyerere kwanza, kisha Rashidi Kawawa baada ya Nyerere kujiuzulu Januari 1962.

Katiba za nchi hizi husema kwamba mfalme au Gavana Mkuu hutenda “kwa ushauri” wa mawaziri. Kwa Kiswahili cha kawaida, ushauri hutolewa, na aliyepewa huamua kuufuata au kuuacha. Katika katiba hizi, ushauri wa Waziri Mkuu kwa kawaida ni lazima ufuatwe. Mwandishi anayetaka kueleweka ataandika “kwa maelekezo”, au ataongeza kwamba ushauri huo unafunga. Asipofanya hivyo, msomaji ataamini kwamba London ilikuwa na kura ya mwisho Dar es Salaam.

Wenye shaka juu ya uhuru wa nchi hizi wana hoja mbili nzito. Ya kwanza ni Australia. Tarehe 11 Novemba 1975 Gavana Mkuu John Kerr alimwondoa madarakani Waziri Mkuu Gough Whitlam, aliyekuwa na wabunge wengi katika Baraza la Wawakilishi, kwa sababu Seneti ilikataa kupitisha bajeti. Wengi waliona mkono wa London. Lakini Kerr hakumwarifu Malkia kabla ya kuchukua hatua hiyo, na Spika alipoandika kumwomba Malkia aingilie kati, jibu kutoka ikulu yake lilikuwa kwamba katiba ya Australia imeyaweka mamlaka hayo mikononi mwa Gavana Mkuu. Kasoro ilikuwapo, na ilikuwa ndani ya katiba ya Waaustralia.

Ya pili ni mahakama. Rufaa ya mwisho ya Jamaica hadi leo husikilizwa London, na Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha. Mwaka 1993 kamati hiyo iliamua katika kesi ya Wajamaika wawili waliohukumiwa kifo kwamba kumweka mtu akisubiri kunyongwa kwa zaidi ya miaka mitano ni ukatili, na uamuzi huo ukatikisa adhabu ya kifo katika visiwa vingi vya Karibi. Hiki ni kifungo halisi. Ila hakitokani na kuwa na mfalme. Trinidad na Tobago ni jamhuri tangu 1976, na rufaa zake bado zinakwenda London. Barbados ilihamishia rufaa zake katika Mahakama ya Haki ya Karibi mwaka 2005, Elizabeth akiwa bado malkia wake. Kamba ya mahakama na kamba ya ufalme ni mbili, na kukata moja hakukati nyingine.

Anayetaka kuona nchi iliyo chini ya Uingereza kweli atazame visiwa vya Turks na Caicos. Huko kuna Gavana, si Gavana Mkuu, na hakuna kiti katika Umoja wa Mataifa. Agosti 2009, baada ya tuhuma za rushwa, Uingereza ilisimamisha serikali ya visiwa hivyo na kutawala moja kwa moja kupitia Gavana hadi 2012. Hakuna sheria inayoiruhusu London kufanya hivyo Jamaica. Tanganyika ilipokelewa katika Umoja wa Mataifa tarehe 14 Desemba 1961, siku tano tu baada ya uhuru, ikiwa bado na malkia, na kura yake ilikuwa yake.

Nini basi kilibadilika Tanganyika ilipokuwa jamhuri tarehe 9 Desemba 1962? Serikali ya chama cha TANU iliona ufalme hauna mizizi mioyoni mwa wananchi, na ilikuwa sahihi. Alama ilibadilika, na alama ina uzito wake. Lakini badiliko kubwa la kisheria lilikuwa la ndani: madaraka ya mkuu wa nchi na ya mkuu wa serikali yaliunganishwa katika kiti kimoja cha Rais. Kenya ilifanya vivyo hivyo mwaka 1964, na kwa kuwa uhuru na jamhuri vyake viliangukia tarehe moja, 12 Desemba, Wakenya wengi huvihesabu kuwa kitu kimoja. Ni vitu viwili. Uhuru ni uhusiano wa nchi na nchi nyingine. Jamhuri ni namna ya kumpata mkuu wa nchi.

Hukumu yangu ni kwamba nchi yenye mfalme wa pamoja ni huru, ikiwa bunge lake hutunga na kufuta sheria bila kuomba ruhusa ng'ambo na mfalme wake hufuata mawaziri wa nchi hiyo. Waandishi wa habari na wa vitabu vya shule, mkiitaja Jamaica msiandike kwamba iko chini ya Mfalme wa Uingereza. Andikeni kwamba mkuu wake wa nchi ni Mfalme wa Jamaica, ambaye pia ni Mfalme wa Uingereza.