Kwa nini grainda iliunguza boneti ya mjomba

Boneti ya Corolla ya mjomba ina doa lililofifia, ukubwa wa kiganja, na aliyeliweka ni mimi. Ilikuwa likizo, Sumbawanga, jua la saa saba mchana. Mjomba alitaka kuuza gari, na rangi ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba ile inayoonekana juani kama utando wa buibui. Nikaazima grainda ya kukatia nondo, nikaifunga pedi ya manyoya, nikapaka kompaundi, nikabonyeza. Sekunde chache tu. Harufu ilinifikia kabla macho hayajaona.

Tangu siku ile najiuliza: kama manyoya na mashine ya kasi vinaunguza rangi, mbona mafundi wa zamani walivitumia miaka yote na magari yakang'aa? Jibu nimelikuta kwenye historia ya rangi zaidi kuliko ya mashine.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magari yalipakwa vanishi kwa brashi, kama magari ya farasi, na kukauka kulichukua wiki. Mwaka 1923 General Motors walitoa magari ya Oakland yaliyopuliziwa Duco, rangi ya nitroselulosi kutoka DuPont. Ilikauka haraka mno, ila ikishapuliziwa ilitoka imefifia. Ili ing'ae, lazima isuguliwe. Yaani polishi haikuwa urembo wa baadaye, ilikuwa hatua ya kiwandani. Na kwa kuwa zilipigwa koti nyingi za rangi ileile, ukila kidogo unakutana na rangi ileile chini yake. Fundi alikuwa na nafasi ya kukosea.

Grainda ina ukoo wake. Huko Ujerumani, kampuni ya Ackermann na Schmitt, ambayo leo tunaijua kama FLEX, ilianza mwaka 1922 na mashine ya kusagia iliyozungushwa kwa mhimili unaopindika. Mwaka 1954 wakatoa grainda ya kona ya mwendo kasi, kwa ajili ya chuma. Mashine ya polishi ya kuzunguka inafanana nayo kama ndugu, ila imefundishwa upole: huenda mizunguko 600 hadi 3,000 kwa dakika, wakati grainda ndogo hufika 11,000.

Piga hesabu. Diski ya milimita 115 kwenye mizunguko 11,000: ukingo wake unakwenda mita 66 kwa sekunde. Pedi ya milimita 180 kwenye mizunguko 1,000: mita 9 na kitu. Msuguano huo wote unageuka joto, tena sehemu moja.

Sasa rangi ikabadilika. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vilihamia mfumo wa tabaka mbili: rangi chini, na juu yake tabaka angavu, lile mafundi wetu wanaliita klia. Biashara ilipolegezwa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 na magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika, klia ilikuja nayo. Unene wake ni kama mikroni 40 au 50. Unywele wako ni mnene zaidi. Ukishaimaliza, hakuna polishi ya kuirudisha. Ni kupuliza upya.

Ufipa inaila kwa njia mbili. Tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na miale ya urujuanimno huongezeka takriban asilimia 10 kila kilomita moja unayopanda. Halafu vumbi. Kabla barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga haijawekwa lami, kwa fedha za mkataba wa MCC uliosainiwa 2008, kiangazi gari lilifika jekundu. Barabara za vijijini bado ziko vile. Vumbi lina chembe za kwatzi, ngumu kuliko klia, na ukilifuta kwa kitambaa kikavu umeshapiga msasa.

Ndiyo maana mashine ya miendo miwili imeshika soko. Pedi inajizungusha huku ikiyumba kwenye duara dogo, milimita 8, 15 au 21, na ukibonyeza sana inaacha kuzunguka. Joto halikai mahali pamoja. Kwa anayeanza, ningechukua ya milimita 15 yenye pedi ya milimita 125, na nyingine ndogo ya kingo na nguzo. Ya kuzunguka tu mwachie mwenye mkono uliozoea.

Pedi ndiyo inayoamua zaidi, na watu huibana bajeti hapohapo. Manyoya hukata haraka, sponji ngumu hukata wastani, sponji laini hung'arisha. Usifuate rangi ya pedi, kila kampuni ina mpangilio wake. Nunua kadhaa, maana ikijaa kompaundi inapata joto. Anza na iliyo laini kwenye kieneo kidogo, ukishindwa ndipo upande. (Wahunzi wa Kifipa walijua habari ya hatua mbili: tanuru refu la kuyeyushia madini kwa hewa inayojivuta yenyewe, kisha tanuru dogo la mivukuto la kusafishia chuma. Hakuna aliyelazimisha moja lifanye kazi ya mbili.)

Na kabla ya yote, uliza gari ni la zama gani. Paka kompaundi kidogo kwenye kitambaa cheupe, sugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikishika rangi ya gari, kama Land Rover nyingi za zamani, huna klia hapo. Kikibaki bila rangi ya gari, basi una mikroni zako chache.

Mimi sikuuliza. Mjomba hajauza gari, anasema anasubiri bei ipande. Analipaki likiangalia ukuta.