NGIRI YA KINENA KWA WATOTO: IJUE KABLA HAIJABANA

Wadau wa Igowole na Mufindi yote, leo tuongelee ngiri. Sio yule wa Ruaha mwenye meno nje, ni ule uvimbe unaotokea kwenye kinena cha mtoto, pale paja linapokutana na tumbo. Hospitali wanaita henia.

Iko hivi. Mtoto wa kiume akiwa tumboni, korodani zake zinaanzia juu karibu na figo, halafu zinashuka hadi kwenye mfuko wake kupitia kanjia kadogo. Kale kanjia kanatakiwa kajifunge. Kasipojifunga, utumbo unapenya. Kwa hiyo mtoto kazaliwa nayo, haijaletwa na kubebwa vibaya mgongoni wakati mama anachuma chai. Wavulana wanapata zaidi (mabinti nao wapo), upande wa kulia zaidi, na njiti ndio zaidi kabisa.

Kinachowachanganya wazazi ni kwamba uvimbe unatokea mtoto akilia au akijikamua choo, akilala unapotea. Mnafika kwa daktari hakuna kitu! Dawa yake simu tu, upige picha ukiwa umetoka.

Sasa watu wengi wanachanganya hii na ya kitovu. Kile kitovu kinachotokeza kama mpira, mara nyingi kinarudi chenyewe kabla mtoto hajafika miaka 5. Ya kinena hairudi. Hata umfunge sarafu, umpe mizizi, usubiri akue, bado ipo, na inahitaji operesheni.

Hatari yenyewe ni kubana, hasa kwa mtoto chini ya mwaka 1. Utumbo ukinasa pale damu haipiti, na ndani ya masaa unaweza kuanza kuoza. Utaona uvimbe umekuwa mgumu na haurudi, mtoto analia hanyamazi, anatapika, tumbo linajaa. Hapo usibonyeze kwa nguvu, usimpe chakula, na usingoje kukuche. Kutoka Igowole unatokea Nyololo, unashika barabara kuu mpaka hospitali ya Mafinga. Usafiri wa usiku ni shida, najua, lakini amsha jirani mwenye gari.

Ikiwahiwa kabla ya kubana, operesheni yenyewe ni ndogo. Wanachana kidogo kwenye kinena na kufunga kale kanjia, hawaweki wavu kama kwa watu wazima. Watoto wengi wanarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa sababu ya dawa ya usingizi, chakula cha mwisho kiwe masaa 6 kabla, maziwa ya mama masaa 4.

Na pesa je? Sera ya Afya ya 2007 inasema watoto chini ya miaka 5 watibiwe bure kwenye hospitali za serikali. Ukiambiwa ulipe na huna, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini kabla hujambeba mtoto kurudi naye nyumbani.