Forodhani kwa Macho ya Mtu wa Songea

Anayekwenda Unguja kutembea kwa siku tatu ana ratiba inayojulikana hata kabla hajakata tiketi ya boti. Asubuhi atapita vichochoro vya Mji Mkongwe akipiga picha milango ya nakshi. Mchana atapelekwa mashamba ya viungo, anuse karafuu na mdalasini, avishwe kofia ya makuti. Alasiri ataingia Mkunazini, kwenye kanisa kuu la Anglikana, aonyeshwe palipokuwa na soko la watumwa. Usiku atakula Forodhani.

Mwaka jana mimi na wenzangu watatu wa darasa la umahiri tuliifuata ratiba hiyo bila kuruka kituo hata kimoja, na sina malalamiko. Urojo ulikuwa mzito, ndimu ya kutosha, bajia zimelowa bila kuvurugika. Juisi ya miwa ilikamuliwa mbele yetu pamoja na tangawizi. Ninachotaka kueleza ni kitu kingine: kwa mtu wa Songea, mlo huo na matembezi hayo yote ni habari za nyumbani. Tatizo ni kwamba hakuna anayemwambia.

Tuanze na jina la mahali pa kula. Forodhani maana yake ni penye forodha, yaani ushuru. Bustani tunayoiona leo, iliyokarabatiwa na mfuko wa utamaduni wa Aga Khan na kufunguliwa upya mwaka 2009, ipo kwenye ukingo wa bandari ya zamani, eneo ambalo mali iliyoshuka kutoka majahazini ilihesabiwa na kutozwa ushuru. Pembe za ndovu zilihesabiwa. Watu pia walihesabiwa, kwa sababu hadi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga masoko yake, binadamu alikuwa bidhaa yenye kiwango chake cha ushuru kama bidhaa nyingine.

Wengi wa watu hao waliingia majahazini Kilwa Kivinje. Na Kilwa Kivinje ilikuwa mwisho wa njia ndefu iliyoanzia pande za Ziwa Nyasa, ikapita nchi ambayo leo ni mikoa ya Ruvuma, Mtwara na Lindi. Ukiwa darasani utasikia sana habari za njia ya kati, ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kwa sababu wasafiri wa Kizungu waliipita na kuandika vitabu. Njia ya kusini haikupata bahati hiyo. Ilipitisha watu wengi, ikaachiwa kurasa chache.

Matokeo yake yanaonekana hata kwenye matembezi ya watalii. Kijana aliyetutembeza Mkunazini alikuwa hodari wa lugha tatu na mwenye heshima. Lakini kila alipofika mahali pa kusema watumwa walitoka wapi, alitumia neno moja: bara. Waliletwa kutoka bara. Neno hilo ni kubwa mno. Ndani yake unaweza kuficha nchi nzima.

Mashambani nako ni hivyo hivyo. Wageni huambiwa kwamba karafuu si mmea wa asili wa Unguja, kwamba asili yake ni visiwa vya Maluku, na kwamba ulifika hapa mwanzoni mwa karne ya 19 kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyotawaliwa na Wafaransa. Ni kweli. Wataambiwa pia kuwa Sayyid Said alihimiza upandaji wake, akahamishia makao yake Unguja. Hilo nalo ni kweli. Lakini mkarafuu hauchumi wenyewe. Maua yake lazima yachumwe kabla hayajafunguka, tawi kwa tawi, kisha yachambuliwe na kuanikwa. Kazi hiyo ilitaka mikono mingi, na mikono ilitoka huko kwenye neno bara.

Hapo ndipo muhogo wa Forodhani unapopata maana. Watalii humkimbilia pweza na kamba, lakini pembeni ya jiko daima kuna vipande vya muhogo wa kuchoma, vya bei nafuu, vinavyopakwa pilipili na ndimu. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini na kufika pwani zetu kupitia safari za Wareno. Katika mashamba ya karafuu ya karne ya 19, desturi ilikuwa mtumwa apewe kijishamba chake na siku za kukilima, kwa kawaida Alhamisi na Ijumaa. Alicholima zaidi ni muhogo, kwa sababu hauhitaji kuhudumiwa kila siku na unaweza kukaa ardhini mpaka njaa ije. Kwenye meza ile, kama unataka kuonja chakula ambacho mtu aliyeletwa kutoka Nyasa alikila, acha pweza. Omba muhogo.

Na watu hao hawakupotea. Walipopata uhuru, wengi walijenga upande wa pili wa hori lililoutenga Mji Mkongwe, sehemu iliyoitwa Ng'ambo. Hori limefukiwa, barabara imepita juu yake, lakini jina limebaki. Serikali ya kikoloni ilipohesabu watu kisiwani, wapo waliojitaja kuwa Wayao na Wanyasa. Wayao ni majirani zetu wa Tunduru. Mnyasa ni jina ambalo Songea halihitaji maelezo: ni shemeji yako, ni mwalimu wako wa hisabati, ni mama anayeuza dagaa wa Nyasa sokoni.

Sasa twende kwenye kanisa lenyewe. Jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka 1873, miezi michache tu baada ya soko kufungwa. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Edward Steere, ambaye baadaye kidogo alifanywa askofu, na ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamfahamu kwa hadithi alizokusanya Unguja. Kinachotajwa mara chache ni kwamba mwaka 1871 alichapisha pia kitabu kidogo cha sarufi na msamiati wa Kiyao. Kiyao, kwenye kisiwa! Msamiati haukusanywi hewani. Ili lugha ya pande za Ruvuma iandikwe na mtu aliyejifunzia kazi Unguja, lazima wenye lugha hiyo walikuwepo, wakikaa naye na kumjibu: hiki kwetu tunakiita hivi.

Steere hakuishia kwenye maneno. Mwaka 1876 aliondoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wengi wao wa asili ya kusini, kwa nia ya kuwarudisha karibu na Nyasa. Safari haikufika. Walipofika Masasi waliona ardhi nzuri, wakaomba kubaki, na kijiji kikaanzishwa. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi.

Ningependa habari hii iishie hapo, watu wamerudi, watoto wanacheza chini ya miembe. Lakini mwaka 1882 Masasi ilivamiwa. Watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Waliovamia waliitwa na watu wa mashariki Magwangwara. Ni jina la kigeni kwa watu tunaowajua vizuri sana: Wangoni, waliotoka upande wa Songea.

Yaani watu waliokamatwa kusini, wakauzwa Unguja, wakakombolewa, wakarudi nusu ya njia, walikamatwa tena na mababu zetu.

Songea hatuzoei kusimulia hivyo. Makumbusho yetu ya Maji Maji yanasimulia ushujaa na msiba, na yana haki. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni, na kila mwaka siku hiyo tunakusanyika kwenye kaburi lao. Mji wetu umebeba jina la Nduna Songea Mbano. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika pale akaomba msamaha. Tulistahili kuombwa. Lakini watu walioonewa mwaka 1906 walikuwa pia, miaka 24 kabla yake, watu wenye nguvu za kuonea wengine. Mateka wengine waliingizwa katika jamii ya Wangoni, wakaoa, wakaolewa, wakazaa. Wengine waliuzwa kwa wafanyabiashara wa misafara iliyoelekea pwani. Kwa hiyo swali la "sisi tulikuwa nani katika habari hii?" halina jibu moja kwa mtu wa Songea. Ukoo mmoja unaweza kuwa na babu aliyekamata na bibi aliyekamatwa, na wote wawili wakawa wamezikwa kilima kimoja.

Pengine ndiyo maana neno bara linatufaa sote. Linamwondolea mtembeza wageni wa Unguja kazi ya kutaja majina, na linatuondolea sisi kazi ya kujibu. Kisiwa kinabeba lawama yote ya soko, na sisi tunakwenda kulitazama kwa huruma kama wageni kutoka mbali.

Sisemi tuache kwenda kula na kustarehe. Nitakwenda tena, pesa ikipatikana. Nasema kwamba elimu tuliyopata itufae hata tukiwa likizo. Ukifika Mkunazini na kusikia "walitoka bara", muulize kwa upole: bara ya wapi? Akisema hajui, mtajie Tunduru, mtajie Masasi, mtajie Ungoni, na mtajie pia mwaka 1882.

Na ukiwa unarudi Songea, kama una siku ya ziada, pitia kusini badala ya Iringa na Njombe. Basi la kutoka Mtwara linapita Masasi, kisha Tunduru, kisha linashika barabara ya Namtumbo. Kutoka Masasi kwenda mbele, utakuwa kwenye sehemu ya safari ambayo watu wa Steere hawakuimaliza. Kwa lami ya siku hizi haifiki hata siku moja.