Kanuni za Kujaza Takwimu katika Sensa za Singida
Katika sensa ya 1967, ya kwanza baada ya uhuru, karani aliyezunguka vijiji vya Iramba na Manyoni, wilaya za mkoa wa Singida nchini Tanzania, alijaza dodoso, yaani fomu ya maswali, kwa mkono, na kosa lake, kama vile kumwandika mtoto kuwa na umri mkubwa kuliko mama yake, liliweza kugunduliwa baadaye, fomu ikiwa imekwisha kuondoka kijijini. Umri ndio uliosumbua zaidi, kwa kuwa wazee wengi hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa; ndiyo maana sensa za Tanzania zimetumia kalenda ya matukio, yaani orodha ya njaa, vita na mambo mengine yanayokumbukwa, ili makadirio ya umri yasiishie tu kwenye tarakimu za sifuri na tano. Sensa ya Agosti 2022 ilitumia vishikwambi, yaani kompyuta bapa za mkononi, vyenye programu ya kanuni inayoweza kukataa jibu lililo nje ya mipaka au linalopingana na lililotangulia, karani akiwa bado mlangoni. Hata hivyo kanuni hizo, ambazo pengine husifiwa kupita kiasi, hukagua uwezekano wa jibu, si ukweli wake: mzee wa Mkalama, wilaya nyingine ya Singida, mwenye miaka 74 akiandikwa 70, hakuna kinachomzuia karani. Katika sensa hiyo ya 2022 mkoa wa Singida ulihesabiwa kuwa na watu 2,008,058, kutoka 1,370,637 mwaka 2012.