Bia, Hewa na Kegi: Historia ya Hatua ya Mwisho ya Upishi wa Nyumbani

Bia hupitia hatua nyingi tangu nafaka inapoloweshwa hadi inaponywewa, lakini ni chache zinazoihatarisha kama ile fupi ambayo kinywaji kilichokwisha kuchachuka hutolewa katika chombo kilimochachukia na kutiwa katika chombo kitakachokihifadhi. Kabla ya hapo hamira, yaani viumbe vidogo vinavyokula sukari ya kimea na kutoa kilevi na hewa ukaa, huimaliza haraka oksijeni iliyomo. Baada ya hapo sehemu kubwa ya hamira imekwisha kuzama na kutulia, na oksijeni inayoingia haina tena mlaji. Wapishi wa bia wa nyumbani nchini Marekani waliuelewa ukweli huu kwa kuchelewa, na moja ya sababu za kuchelewa huko ni kwamba chombo walichokuja kukitegemea hakikuundwa kwa ajili ya bia.

Mahali pengi duniani suala hili halikuwahi kuwa tatizo. Mbege ya Wachagga, inayopikwa kwa ndizi na ulezi, na busaa ya magharibi mwa Kenya hunywewa zingali zinachacha, kwa hiyo hewa haipati muda wa kuzidhuru. Hata bia ya pipa ya Kiingereza iliishi kwa utaratibu wa namna hiyo, kwani kila painti iliyovutwa iliruhusu hewa ya chumba kuingia kupitia tundu la juu ya pipa, na usalama wa bia ulitegemea wanywaji kulimaliza pipa katika siku chache. Desturi hiyo ilitetewa kwa nguvu na CAMRA, chama cha wapenzi wa bia ya asili kilichoanzishwa mwaka 1971, ambacho kwa miaka mingi kilikataa hata kifaa kidogo cha kuingiza hewa ukaa badala ya hewa ya kawaida juu ya bia, hadi kilipolegeza msimamo mwaka 2018. Ukali wa mgogoro huo unaeleweka: jambo lililokuwa likibishaniwa halikuwa kifaa, bali haki ya bia kuzeeka mbele ya mnywaji.

Nchini Marekani mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Marufuku ya vileo ilikwisha mwaka 1933, lakini kupika bia nyumbani kuliendelea kuwa kosa kwa sheria ya shirikisho hadi Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria ya Oktoba 1978, iliyoanza kutumika Februari 1979 na kumruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka, sawa na lita 379 hivi, bila kodi. Wapishi wa kizazi hicho walitia bia yao katika chupa, wakaongeza sukari kidogo na kuiacha hamira ichachuke mara ya pili humo ndani. Njia hiyo ilikuwa na kinga ambayo wengi hawakuitambua, kwa sababu hamira iliyoamshwa na sukari ilikula pia sehemu kubwa ya oksijeni iliyonaswa wakati wa kujaza.

Kinga hiyo ilidhoofika kegi ilipoingia nyumbani. Kegi iliyoenea miongoni mwa wapishi hao ilikuwa tangi jembamba la chuma cha pua lenye ujazo wa galoni 5, karibu lita 19, lililobuniwa kwa ajili ya soda. Jina lake la mtaani, Corny, linatokana na kampuni ya Cornelius ya Minnesota, mmoja wa watengenezaji wake. Matangi hayo yalibeba sharubati ya soda hadi migahawani: hewa ukaa iliingia kwa mrija mfupi wa juu, ikakisukuma kinywaji kitoke kwa mrija mrefu unaofika chini. Viwanda vya soda vilipohamia kwenye mifuko ya plastiki iliyofungwa ndani ya maboksi, matangi mengi yalibaki bila kazi yakauzwa kwa bei nafuu, na wapishi wa nyumbani wakayapokea kwa furaha. Kwa kuwa sasa gesi ilitoka kwenye mtungi, hapakuwa na haja ya kuchachusha mara ya pili. Mpishi alifungua kifuniko, akaishusha bia kwa mpira kutoka kwenye ndoo, akafunga, kisha akapitisha gesi. Oksijeni iliyoingia njiani haikukutana na hamira iliyo macho.

Elimu ya viwandani tayari ilikuwapo. Mwaka 1970 watafiti walihusisha harufu ya karatasi ngumu iliyolowa, ambayo ni dalili mashuhuri ya bia iliyozeeka, na kampaundi iitwayo trans-2-nonenali, ambayo binadamu huihisi hata ikiwa ni takriban sehemu moja ya kumi ya mikrogramu katika lita. Lakini mafundisho yaliyotawala jikoni yalikuwa ya Louis Pasteur, ambaye kitabu chake cha mwaka 1876 kilionyesha kwamba bia huharibiwa na vijidudu, na mpishi aliyesafisha vyombo vyake kwa uangalifu alijiona amekwisha kuilinda bia. Oksijeni haiui mtu wala haiipi bia uchungu wa ghafla. Huila polepole harufu ya hopsi, yaani maua yanayoipa bia ukali na manukato, kisha huigeuza rangi.

Ipo pia imani iliyodumu muda mrefu, kwamba hewa ukaa, kwa kuwa ni nzito, hutanda juu ya bia kama blanketi na kuilinda. Joseph Priestley, aliyehamia Leeds mwaka 1767 na kuishi jirani na kiwanda cha bia, aliiona kweli tabaka hiyo juu ya matangi, na moshi wa mshumaa uliozimwa ndani yake ukaelea humo. Hata hivyo, tabaka hiyo ilikuwapo kwa sababu bia iliyokuwa ikichachuka iliijaza upya bila kukoma. Katika kegi iliyotulia, gesi zote huchanganyika, na kunyunyiza hewa ukaa kidogo kabla ya kufunga kifuniko hakuondoi oksijeni ya kutosha.

Hesabu inalithibitisha hili vizuri zaidi kuliko maelezo. Hewa ina oksijeni asilimia 21. Kegi tupu ikijazwa hewa ukaa hadi shinikizo liwe mara tatu ya lile la nje, kisha ikafunguliwa, theluthi moja ya oksijeni hubaki, yaani asilimia 7. Lazima tendo hilo lirudiwe mara 10 ndipo oksijeni ishuke chini ya sehemu 4 katika milioni, na gesi nyingi itakuwa imepotea. Kwa hiyo walio makini waliijaza kegi maji yenye dawa ya kusafishia hadi juu kabisa, wakayasukuma yote nje kwa hewa ukaa, kisha wakaiingiza bia kwa mrija mrefu kutoka chini, bila kufungua kifuniko, huku gesi inayofukuzwa ikirudishwa juu ya bia katika chombo cha kwanza.

Kilichoufanya uangalifu huo uenee ni bia ya ukungu ya New England, ambayo Heady Topper ya kiwanda cha The Alchemist mjini Waterbury, Vermont, ni mojawapo ya zilizoipa umaarufu. Hutiwa hopsi nyingi, mara nyingi baada ya moto kuzimwa, na ikipata hewa huweza kugeuka kahawia au kijivu katika siku chache tu, kosa lisilofichika hata kwa mgeni wa ufundi huu. Ndipo wengi walipoanza kuunganisha kegi tupu na chombo kinachochachuka, ili mamia ya lita za gesi zinazotolewa na hamira yenyewe ziifagie hewa kwa siku kadhaa kabla ya bia kuwa tayari.

Baada ya njia hiyo kuenea, macho yaligeukia mipira. Oksijeni hupenya kuta za mipira ya silikoni hata pale shinikizo la ndani linapozidi la nje, kwa sababu kila gesi hufuata tofauti ya kiasi chake yenyewe, na bia inayolala ndani ya mpira kati ya glasi moja na nyingine huharibika kabla ya ile iliyomo kwenye kegi. Wapishi wengi wameihama mipira hiyo, wakatumia mirija yenye utando wa ndani unaozuia gesi kupita.