Goti Jipya na Kitanda cha Mgonjwa

Desturi ya kumlaza mgonjwa wa goti ilikuwa na wanazuoni wake. Mwaka 1875 Hugh Owen Thomas, tabibu wa Liverpool, alitoa kitabu akishika kwamba kiungo kibovu hakiponi ila kwa pumziko refu lisilokatizwa. Kwa zama zake alikuwa na haki, maana kifua kikuu kilikula viungo vya maskini wengi, na dawa ya kukiua haikuwapo.

Mwaka 1890 Themistocles Gluck wa Berlin alithubutu neno jingine. Alikata goti lililoharibiwa na ugonjwa huohuo, akatia mahali pake bawaba ya pembe ya ndovu, pembe ambayo wengine waliitaka kwa vinanda tu! Magoti yale yalifanya kazi kwa muda, kisha usaha ukayashinda.

Ilipita miaka karibu 80. Mwaka 1968 Frank Gunston, Mkanada aliyekuwa Wrightington, Uingereza, alitia goti la chuma na plastiki. Na mwaka 1974 John Insall na wenzake wa New York wakatoa umbo lililozaa magoti mengi ya leo.

Chuma kilikuwa tayari. Kitanda kilibaki nyuma. Richard Asher, daktari wa London, alikwisha kuonya mwaka 1947 kwamba kulala mno hugandisha damu miguuni na kunyausha misuli. Hospitali zilichelewa kumsikia. Katika miaka ya 1990 Henrik Kehlet wa Denmaki alipanga shughuli upya: maumivu yazuiwe mapema, mgonjwa ale mapema, asimame mapema. Leo wengi hutembea kwa mkongojo siku ileile au ya pili, na baada ya siku chache huenda kwao.

Hivyo kazi ya wauguzi imeiangukia nyumba, na hapo ndipo pagumu. Goti limevimba, lina moto, usiku halina usingizi. Jamaa kwa huruma huleta mto wakauweka chini ya goti. Huruma hiyo yadhuru: goti likizoea kukunjika, kulinyosha ni taabu. Heri mto uwe chini ya kisigino, dawa ya maumivu inywewe kabla ya mazoezi, na mguu ukunjwe na kunyoshwa mara kadhaa kila siku, hata mwenyewe akinung'unika. Lakini shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikitoa usaha, aonwe na daktari siku hiyohiyo.

Goti likikunjika digrii 90, mtu huketi kitini vizuri. Kuchuchumaa na kupiga magoti hubaki vigumu kwa wengi hata baada ya mwaka mzima. Waliochonga goti lile New York walifikiria kiti, hawakufikiria mkeka.