Emily na Salme: Jina la Bibi Harusi



Mwezi uliopita nilikuwa nampima mtoto wa dada yangu gauni la nikahi. Ametoka kwetu Likunja, Ruangwa, anaolewa huku kisiwani. Futi iko kiunoni, akaniuliza taratibu: "Mama mdogo, wakwe wanasema jina langu si la Kiislamu, nilibadilishe kabla ya nikahi. Nifanyeje?"

Jina lake ni Emily. Dada alimpa kwa heshima ya mkunga aliyemzalisha usiku mgumu. Sikumjibu palepale, nikaenda kusoma kwanza.

Emily tunalijua kama jina la Kiingereza, lakini mizizi yake iko Roma ya kale. Kulikuwa na ukoo mkubwa ulioitwa Aemilius, na mwanamke wa ukoo ule akiitwa Aemilia. Jina hilo huhusishwa na neno la Kilatini aemulus, yaani mtu anayejitahidi amfikie au ampite mwenzake. Ukoo huo ulikuwapo kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.), kwa hiyo jina lenyewe halikuanzia kanisani. Waingereza walilichukua baadaye. Mshairi wao Chaucer alilitumia katika karne ya 14.

Sasa kwa nini huku kwetu likisikika watu wanashtuka? Nadhani ni kwa sababu ya Sayyida Salme.

Salme alizaliwa Unguja mwaka 1844, katika jumba la Mtoni, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, Heinrich Ruete, aliondoka usiku kwa meli ya kivita ya Waingereza mpaka Aden. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa hukohuko, akaitwa Emily, na siku hiyohiyo akafunga ndoa. Kwa siku moja akawa Emily Ruete: jina la kwanza jipya, na la mwisho la mume.

Miaka mitatu baadaye mume alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwacha ugenini na watoto wadogo watatu. Watoto wale aliwapa majina mawili mawili: Antonie Thawka, Rudolph Said na Rosalie Ghuza. Na kitabu chake kilipotoka mwaka 1886, chini ya jina Emily Ruete paliandikwa kuwa amezaliwa binti mfalme wa Omani na Zanzibar. Alifariki Ujerumani mwaka 1924. Hukumu ya moyo wake tunamwachia Mola. Lakini mimi nikisoma jina Said katikati ya jina la mtoto yule wa Hamburg, namwona mwanamke anayemtafuta baba yake.

Na dini yetu inasemaje? Mtume (s.a.w.) alibadilisha majina yenye maana mbaya. Binti yake Umar aliitwa Asiya kwa maana ya muasi (si lile la mke wa Firauni, herufi zake ni nyingine), akamwita Jamila. Kinachotazamwa ni maana. Na mwanamke wa Kiislamu akiolewa habadilishi jina la baba yake. Linabaki lake mpaka kaburini.

Hata kwetu kusini kubadili jina si kitu kigeni. Wari wengi wakitoka unyagoni hupewa jina jipya. Lakini jina lile hutolewa kwa vigelegele, halitolewi kwa kumwonea haya mama aliyetoa la kwanza.

Basi alipokuja kujaribu gauni nikamwambia: "Mwanangu, jina lako halina ubaya. Ukitaka jina la pili, chagua wewe kwa mapenzi yako. Ila la baba yako usiliache, na wakwe waelezwe kwa adabu." Akamwuliza sheikh, naye akamwambia nikahi haina shaka, mradi ijulikane anayeozwa ni nani. Ikasomwa kwa jina la Emily binti wa baba yake. Mama mkwe alisikia habari ya mkunga, akanyamaza, kisha akasema, "Mungu amlipe mkunga yule."

Bibi harusi mtarajiwa, kabla hujaambiwa ubadili jina lako, muulize mama alikupa kwa nini.

Wassalaam.